Ukiulizwa kuhusu 'mgonjwa msumbufu', usimsengenye mzee wa watu

Swali hilo litakuja tu. Ukikaa mbele ya jopo linalotafuta daktari bingwa wa mfumo wa mkojo, liwe la Bodi ya Utumishi wa Umma ya kaunti au la hospitali ya kibinafsi hapa Nakuru, kuna mmoja atakayeweka kalamu chini na kukuuliza: "Daktari, tuambie kuhusu mgonjwa msumbufu uliyewahi kumhudumia. Ulifanya nini?"

Wengi wenu mnajiandaa kwa kukariri. Umesoma mtandaoni kwamba jibu lina sehemu nne: hali ilivyokuwa, jukumu lako, hatua ulizochukua, matokeo. Sawa, mpangilio wenyewe hauna ubaya. Shida ni kile unachokitia ndani. Mgonjwa alikuwa mkali, nikamsikiliza, akatulia, akanishukuru. Jopo limesikia hadithi hiyo tangu asubuhi na chai ya saa nne bado haijafika.

Mimi nashikilia hivi: katika kliniki ya mkojo, anayeitwa msumbufu karibu kila mara ni mtu mwenye aibu, au mwenye maumivu, au aliyechoka kuambiwa arudi mwezi ujao. Ukiingia kwenye intavyuu bila kujua wako alikuwa yupi, hujajiandaa, hata ukiwa na vyeti vya kujaza gunia.

Chukua mfano wa mzee wa miaka sabini hivi kutoka Kuresoi. Tezi dume imefura, mkojo umekwama tangu jana usiku, na ameabiri matatu ya alfajiri akiwa amejikunja. Anafika na kukutana na daktari wa rika la mjukuu wake, pengine msichana, anayemwambia avue suruali na kugeukia ukuta ili apimwe kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Mzee anakataa. Anapaza sauti hadi foleni yote inageuka. Kwenye faili panaandikwa kwamba hakutoa ushirikiano. Kwani ulitaka ashirikiane vipi? Huyu ametoka kwa watu ambao mwanamume aliyetahiriwa havui nguo mbele ya watoto wake, sembuse mbele ya wanafunzi sita wa udaktari waliosimama na madaftari.

Jopo linataka kusikia ulianzia wapi. Kwanza unamtoa mkojo. Mtu ambaye kibofu kimejaa hadi kitovuni hasikii maelezo yoyote, na Katiba katika Kifungu cha 43 inasema hakuna anayefaa kunyimwa matibabu ya dharura. Mkojo ukikwama muda mrefu hurudi nyuma na kuharibu figo, na hapo safari ya kusafishwa damu inaanza. Akishapata nafuu, vuta pazia. Binti yake aliyemleta mwombe atoke kidogo. Msalimie kama mtu mzima: "guka" akiwa Mkikuyu, "chamgei" ukijua ni Mkalenjin, na kama hujui, "mzee" inatosha. Kisha mweleze sababu ya kidole: unataka kujua kama tezi ni laini au ina sehemu ngumu zinazoweza kuashiria saratani. Mwambie itachukua muda gani. Mpe nafasi ya kuchagua daktari mwanamume kama yupo zamu.

Na akikataa bado? Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu hadithi zao zote huisha kwa mgonjwa kukubali. Chini ya Sheria ya Afya ya 2017, mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kukataa, na kazi yako ni kumweleza hatari ya kukataa huko. Basi mwambie jopo ulifanya nini na hilo "hapana": ulipima damu, ukaagiza picha, ukaandika maneno yake jinsi alivyoyasema, ukampa siku ya kurudi. Akirudi, umefaulu. Akienda Molo kununua mitishamba, kuna mahali ulimpoteza, nalo jopo lina haki ya kukuuliza ni wapi.

Yupo pia yule wa paipu. Amekaa miezi na mpira wa mkojo, mfuko ameuficha ndani ya koti, kanisani ameacha kwenda kwa sababu ya harufu. Siku ya upasuaji inafika, anaambiwa chumba kimechukuliwa na majeruhi wa bodaboda au mama anayezaa kwa upasuaji. Mwaka wa 2024 ulikuwa mgomo wa madaktari, siku 56. Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF Oktoba mwaka huo, kuna wanaofika wakiwa hawajui kama malipo yao yatapita. Akikufokea, si wewe anayekufokea, lakini wewe ndiye uliye mbele yake. Usimtetee mwajiri wako wa zamani, na usimseme vibaya pia. Eleza ulichoweza kufanya siku hiyo: ulibadilisha paipu, ulimpa tarehe, ulichukua nambari ya simu ya mtu anayeishi naye.

Mwingine anaogopa kisu kitamaliza ndoa. Wengi humdanganya kwamba hakuna kitakachobadilika. Ukweli ni kwamba tezi ikikwanguliwa kupitia njia ya mkojo, nguvu za kiume kwa kawaida hubaki, ila shahawa mara nyingi hurudi kwenye kibofu badala ya kutoka nje. Mwambie kabla, mbele ya mkewe akitaka. Akijua baadaye atakuwa msumbufu kweli, na atakuwa na sababu.

Simaanishi uvumilie kila kitu. Anayerusha ngumi au kumshika muuguzi vibaya huyo ni wa kuitiwa walinzi, na sheria hiyohiyo ya 2017 inakupa haki ya mahali salama pa kazi. Sema hivyo bila kuona haya.

Lakini chunga mdomo. Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, ila watu bado wanajuana. Ukisema "chifu mmoja mstaafu wa Elburgon mwenye duka la pembejeo", yupo kwenye jopo aliyenunua mbolea pale. Ficha mahali, cheo na ukoo. Tangu 2019 tuna sheria ya kulinda data, na daktari anayemwaga siri za mgonjwa kwenye intavyuu amejijibia swali vibaya.

Mwishoni wataulizia kama una swali. Usiulize mshahara kwanza. Uliza kitengo cha mkojo kinapewa chumba cha upasuaji siku ngapi kwa wiki, na siku hiyo ikifutwa, ni nani humpigia simu mzee wa Kuresoi kabla hajapanda matatu. Kisha tazama ni nani anamwangalia nani kabla ya kujibu.