Saa Mbovu ni Mwalimu

Wazazi wengi humwita mharibifu kijana apendaye kufungua saa. Mimi sikubali, ila na aanze na saa iliyokufa. Likizo iliyopita nilifungua saa ya mkono ya baba, ya kutia ufunguo. Ndani mna kamani nyembamba kama unywele, irudishayo gurudumu huku na huku, mapigo 18,000 kwa saa moja. Niliigusa kwa pupa, ikapinda. Baba akaninunulia saa mbovu nijizoeze. Sasa najua: kamani hunyoshwa pale pale ilipoanza kupinda, kidogo kidogo, kwa vibano viwili; mizunguko yake ikigusana, saa hukimbia. Ya baba ingali imesimama. Sitaigusa mpaka mkono wangu utulie. Basi wazazi, saa zenu mbovu msizitupe. Tupeni sisi tujifunze.