Tabora Kwanza, Yanga Baadaye

Tarehe 7 Novemba 2024 niliitwa msaliti mara mbili ndani ya mechi moja. Tulikuwa kwenye kibanda umiza huko Ng'ambo, Tabora, tukitazama Yanga ikicheza na Tabora United pale Chamazi. Tabora walipofunga niliruka kutoka kwenye benchi, nikiwa nimevaa jezi ya Yanga. Mwenzangu wa Yanga akaniambia nivue. Yanga walipopata lao moja nikapiga makofi, na shabiki mmoja wa Simba, aliyejitangaza siku hiyo kuwa Mtabora wa damu, akaniuliza kama nina haya. Mechi iliisha Tabora 3, Yanga 1. Nilitoka nikiwa nimefurahi na nimeumia, na sikuona sababu ya kuficha lolote kati ya hayo mawili.

Huyo wa Yanga simlaumu sana. Alikuwa mkweli. Ninayetaka kugombana naye ni yule Mtabora wa siku moja.

Mnamjua, na huenda ni wewe. Simba wakija Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, watu wa Yanga wa Isevya na Cheyo hugeuka wenyeji wakali, wanaishangilia timu ya nyumbani hadi sauti zinakauka. Yanga wakija, zamu inakuwa ya Simba. Ikija timu nyingine yoyote, wote wawili wako vijiweni wanabishana kuhusu usajili wa Kariakoo. Hao hawaipendi Tabora. Wanaiazima kama fimbo ya kumpigia jirani, kisha wanaitupa uani.

Na mimi sijatakata. Agosti 2023, timu ilipoanza Ligi Kuu dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji wanane tu, na mchezo ukavunjika mapema, nilicheka. Nilituma vichekesho kwenye makundi ya WhatsApp kama mtu anayesimulia aibu ya mji wa mbali. Baba yangu, Yanga tangu ujana wake, aliniuliza swali moja: "Sasa hapo unamcheka nani?" Sikuwa na jibu.

Wapo watakaosema timu yenyewe haina mizizi. Ilikuwa Kitayosce, ikawa Tabora United mwaka 2023, sasa ni TRA United. Mtu atapendaje kitu kinachobadilisha jina kila ukigeuka? Lakini Simba nayo iliitwa Sunderland hadi 1971, na hakuna anayeidai cheti cha kuzaliwa. Mizizi ya timu ni watu wanaokwenda uwanjani hata siku ambayo hakuna mkubwa anayekuja. Rhino Rangers walipanda Ligi Kuu msimu wa 2013/14, wakashuka msimu huohuo. Ni wangapi kati yetu waliowafuata huko chini walikoshukia?

Wengine hutumia historia kama kisingizio. Wanasema sisi ni watu wa njia ya msafara, macho yetu yamezoea kutazama pwani. Ni kweli Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi Bagamoyo, safari ya miezi, kwa miguu. Lakini mnasahau nusu ya pili ya safari. Wengi waliondoka kiangazi na kurudi mvua zikikaribia, kwa sababu kulikuwa na shamba linalosubiri jembe. Pwani walikwenda kutafuta, nyumbani wakaja kulima. Sisi tumeipeleka mizigo Dar es Salaam na tumesahau kurudi.

Njia hiyohiyo ilitujengea utani na Wagogo na Wazaramo. Simba na Yanga wenyewe tunawaita watani wa jadi, halafu tunaishi kana kwamba neno hilo lina maana ya adui. Mtani hukutukana msibani huku ameshika jembe la kuchimba kaburi lako. Utani hauwezekani bila kuwa na moyo pande mbili. Kwa hiyo mtu anayeshangilia timu mbili hanishtui. Mkoa huu umeishi hivyo muda mrefu.

Ninachodai ni mpangilio. Penda Yanga, penda Simba, valia jezi hadi sokoni. Lakini siku hiyo timu yako kubwa ikikutana na ya nyumbani, ujue nani anatangulia. Na siku ambayo hakuna mkubwa anayekuja, nunua tiketi, nunua karanga kwa mama wa getini, kaa jukwaani.

Jezi yangu ya Yanga bado ninayo, na sitaivua kwa amri ya mtu. Mechi ijayo ya nyumbani nitakwenda nayo, hata kama mgeni ni timu isiyo na shabiki mmoja mjini. Nikutafute wapi?