Shujaa Asiyepaa: Funzo kutoka Makina

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili akiulizwa sifa za shujaa, hujibu bila kusita: aghalabu huzaliwa kwa namna isiyo ya kawaida, huwa na nguvu zipitazo za binadamu, huwa na siri ya kifo chake, na mwishowe husalitiwa na mtu wa karibu. Mfano autoao ni Fumo Liyongo, aliyeuawa na mwanawe kwa kuchomwa sindano ya shaba kitovuni. Orodha hii si mbaya. Ila imekaririwa hata ikageuka mzani wa kupimia kila shujaa, na asiyefikia uzani huo huachwa nje ya mlango wa fasihi.

Komiki nyingi za Marekani hutumia mzani huohuo. Superman, aliyetokea mara ya kwanza mwaka 1938, huruka angani na risasi hazimdhuru. Hebu shujaa wa namna hiyo apitishwe juu ya Makina, mtaani Kibera. Ataona mabati, msikiti na soko. Hatamwona mchuuzi asukumaye mkokoteni wa mitungi ya maji ya lita 20 kichochoroni, anayejua bomba gani limekauka leo, mgonjwa yupi hawezi kutoka nje, na mama yupi atalipa Jumamosi. Wala hatawatambua wazee wa Kinubi, ambao mababu zao walikuwa askari wa King's African Rifles waliopewa makazi Kibera mwanzoni mwa karne ya 20. Jamii hiyo ilidai haki ya ardhi kizazi baada ya kizazi, hadi ilipokabidhiwa hatimiliki ya ekari 288 mwaka 2017. Ushujaa wa kungoja bila kuchoka hauchoreki kwa urahisi.

Hata hivyo, umewahi kuchorwa ushujaa unaokaribiana na huo. Mnamo Februari 2010 lilianza kutolewa jijini Nairobi jarida la komiki liitwalo Shujaaz, lililogawiwa bure ndani ya gazeti la Daily Nation na katika vibanda vya M-Pesa. Mhusika wake mkuu, Boyie, ni kijana aliyemaliza shule na kukosa kazi. Anaishi kwa wazazi wake, na chumbani mwake ameunda kituo cha redio ambacho wao hawana habari nacho. Kama Superman, ana utambulisho wa siri. Lakini siri yake haifichi nguvu zozote za ajabu. Anachopitisha hewani ni maarifa ya watu wa kawaida, mathalani kupaka vifaranga rangi ili mwewe wasiwatambue. Mwaka 2012 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya Emmy.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba jarida hilo limeandikwa kwa Sheng, na kwamba hata jina lake limeuvunja wingi wa Kiswahili. Watasema pia kwamba shujaa wake hubeba somo mfukoni kila atokapo. Hoja ya pili ina uzito: mtu wa kawaida akigeuzwa kuwa kipaza sauti cha mafunzo, utu wake hupungua. Ama hoja ya kwanza, inawarudia wenyewe wanaoitoa. Ikiwa Boyie amezungumza Sheng, ni nani katika idara za Kiswahili aliyemwandikia mchuuzi wa Makina komiki kwa Kiswahili sanifu?

Zaidi ya hayo, shujaa wa kawaida si mgeni katika fasihi ya Kiswahili. Turudi kwa Liyongo, katika utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijuma wa Lamu mwaka 1913. Alipofungwa gerezani, nguvu zake zote hazikumfaa kitu. Aliyemwokoa ni Saada, kijakazi, aliyepita mbele ya walinzi na mkate uliofichwa tupa ndani yake. Mkate mzuri walinzi wangeula. Huu ulikuwa wa wishwa, wakaudharau, wakamwacha apite nao. Tupa ikakata minyororo, huku ngoma ya gungu ikiuzima mlio wake. Bila Saada, utendi ungeishia gerezani. Lakini katika mitihani mingapi mwanafunzi ameulizwa kuhusu ushujaa wa Saada?

Hapo ndipo lilipo jambo. Kibera imezoea kuchorwa kama mahali panaposubiri mwokozi kutoka nje. Fasihi inayomtambua shujaa kwa miujiza pekee huwathibitishia wasomaji wake walio wengi kwamba nafasi yao ni ya kuokolewa tu. Watafiti chipukizi wa Kiswahili hawana budi kuipanua orodha ile ya sifa, kuzikubali komiki kama matini za tasnifu, na wenye vipawa washike kalamu waandike zao. Mada hazijaadimika. Saada yuko Makina hivi leo, na walinzi bado wanaudharau mkate wake.