Mgonjwa Asiyeweza Kuondoka Asilale na Mbabula

Katika mwezi wa 6 na wa 7 baridi ya kipwa inashika nchi ya Katanga. Mji wa Lubumbashi uko juu, karibu meta 1,200 kupita bahari, na usiku mara nyingi baridi inashuka chini ya digrii 10. Basi jioni watu wanawasha makala katika mbabula. Kama kuna mgonjwa nyumbani, mbabula inaingizwa chumbani mwake, mlango unafungwa, na kila mtu anaona kwamba mgonjwa ametunzwa vizuri. Mimi naona kwamba desturi hii ni mbaya, na kwa mwenye ugonjwa wa Charcot ni mbaya zaidi.

Ugonjwa huu uliitwa kwa jina la Jean-Martin Charcot, mganga wa Paris, aliyeueleza zamani, tangu mwaka 1869. Mishipa ya fahamu inayopeleka amri kwa misuli inakufa kidogo kidogo. Mkono unalegea, mguu unaburuta, ulimi unakuwa mzito, na mwisho misuli ya kupumua nayo inachoka. Hauambukizi. Wala hakuna jirani aliyeutuma: Lou Gehrig, mchezaji mwenye sifa kubwa huko Marekani, alijulikana kuwa nao mwaka 1939, akafa mwaka 1941. Fedha unayotaka kumpa mtu akuonyeshe mchawi, nunua nayo blanketi.

Sasa fikiri juu ya makala. Yanapowaka mekundu bila moshi, watu wanasema ni safi. Sivyo. Yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo inaingia katika damu na kuchukua nafasi ya hewa njema. Mtu mzima wa mwili anasikia kichwa kinauma, anataka kutapika, naye anaweza kutoka nje na kupona. Mgonjwa wetu atatokaje? Miguu haimchukui. Sauti yake haifiki chumba cha pili. Pumzi yake ilikuwa haba tangu mchana. Kama mtu akikuambia uweke bakuli la maji karibu na mbabula, usimsikilize, kwa maana maji hayaondoi sumu hiyo.

Najua wazee watakavyojibu: «Baba yetu alale bila moto kama mbwa? Watu watasema nini?» Ni neno la heshima, silidharau. Na ni kweli kwamba baridi inamwumiza kuliko wewe. Mwili unapata joto kwa kutembea na kufanya kazi, naye hatembei. Miguu yake inakuwa baridi kama jiwe, na misuli inakaza. Lakini heshima yake si lazima ikae ndani ya mbabula. Choteni makala nje, pikeni nje, pashieni nguo joto huko, kisha mleteeni nguo.

Mvike soksi na kofia ya sufu tangu jua linaposhuka, kabla hajaanza kutetemeka. Blanketi mbili nyepesi zinafaa kuliko moja nzito, kwa sababu ile nzito inalemea kifua na miguu isiyo na nguvu. Kichwa na kifua viinuliwe kwa mito, maana akilala chali kabisa anaweza kushindwa kupumua. Mkunje na kumnyosha miguu polepole, jioni na asubuhi. Mchana, jua la kipwa ni zuri na halina bei. Mtoe nje mahali pasipo na upepo wala vumbi, na usimsahau huko!

Chupa ya maji ya moto inaweza kusaidia, lakini ifunge kwa kitambaa kinene na uiondoe kabla hajalala. Watu wengine wanadhani mgonjwa huyu hasikii. Anasikia sana! Ngozi yake inaungua, anajua inaungua, na hawezi kusogea. Vivyo hivyo usimmiminie chai ya moto kinywani. Kitu chepesi kama maji kinaweza kupita njia ya pumzi. Mpe uji mzito, wa vuguvugu, akiwa ameketi wima.

Neno moja kwa washiriki wanaokwenda kuwatazama wagonjwa. Mwenye mafua na kikohozi asimame mlangoni, asalimu, arudi kwake. Wewe unakohoa na kutema, yeye hana nguvu ya kukohoa, na mafua yako yanaweza kumletea ugonjwa wa mapafu. Asiyeingia asidhaniwe kuwa na kiburi.

Usiku mtu mmoja alale chumba kimoja naye. Mara nyingi akili ya mgonjwa ni nzima hata ulimi ukinyamaza, basi asifunikwe kama mzigo. Kabla ya kuzima taa aulizwe: Una baridi? Blanketi inakulemea? Mto uko sawa? Afunge macho mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana, na anayeuliza angoje jibu.