Kizuia sauti hakipunguzi kasi ya risasi, mtutu mfupi ndio unaopunguza



Kuna ubishi huku kwetu hauishi: eti bunduki ikifungwa kizuia sauti, ile wengi tunaita sailensa, risasi yake inakuwa dhaifu. Wengine wanaenda mbali zaidi, wanasema ukisikia mlio mdogo ujue hiyo ni risasi ya kitoto, haina madhara. Mimi nasema hapana, na kwa mkoa kama wetu huu si ubishi wa kupotezea muda tu.

Kagera na silaha za kivita tunafahamiana siku nyingi. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia mkoa wetu. Aprili 1994 watu zaidi ya 200,000 walivuka kutoka Rwanda kuingia Ngara ndani ya saa 24, na Karagwe nayo ikapata makambi yake. Wengi walikuwa raia wanaokimbiza roho zao, tusiwasingizie. Lakini vita vya majirani vilimwaga bunduki mpakani, na miaka ya 2000 mabasi yakawa yanavuka misitu ya mkoa huu kwa kusindikizwa na polisi. Julai 2013 Rais Kikwete akiwa ziarani Kagera aliwapa majambazi wiki mbili wasalimishe silaha, na Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga.

Silaha iliyokuwa ikitajwa sana kwenye taarifa za matukio hayo ni SMG. Jina hili linachanganya watu. Kwa majeshi mengi ya nje, SMG ni bunduki ndogo inayotumia risasi za bastola. Kwetu Tanzania ni familia ya AK-47, pamoja na Type 56 ya Mchina. Risasi yake inatoka kwa kasi ya mita kama 715 kwa sekunde. Sauti husafiri mita kama 340 tu kwa sekunde. Yaani risasi inakupita kabla hujasikia mlio wa bunduki yenyewe.

Sasa tuje kwenye urefu wa mtutu. Baruti ikiwaka inatoa gesi, gesi inasukuma risasi. Mtutu ukiwa mrefu, gesi inapata nafasi ya kusukuma zaidi. Ukiwa mfupi, risasi inatoka mapema na gesi nyingi inaishia hewani kama moto na kelele.

Mfano mzuri ni AK-74 ya Warusi. Mtutu wake ni milimita 415, na risasi inatoka kwa mita kama 900 kwa sekunde. Ndugu yake mfupi ni AKS-74U, ile aliyokuwa akionekana nayo Osama bin Laden kwenye video zake. Huyo ana mtutu wa milimita kama 206, karibu nusu. Risasi ni ileile, lakini kasi inashuka hadi mita kama 735. Piga hesabu ya nguvu utaona theluthi moja imepotea, na hapo hakuna sailensa yoyote.

Je, sailensa yenyewe? Hicho ni kibuyu cha chuma chenye vyumba ndani, kinafungwa mbele ya mtutu. Risasi inapita katikati bila kugusa kitu, na gesi inanaswa nyuma yake, inapoa na kutoka taratibu. Kinachozuiwa ni gesi. Ukipima kasi, mara nyingi unakuta haijabadilika, au imeongezeka mita chache kwa sekunde kwa sababu gesi bado inasukuma kidogo ndani ya kibuyu. Kwenye mtutu mfupi nyongeza hiyo huonekana zaidi, kwani gesi inatoka bado ina presha kubwa. Hata hivyo hairudishi kile ambacho ufupi umeshakula.

Sasa uongo huu umetoka wapi? Kwanza ni magemu. Waliocheza Counter-Strike enzi za internet cafe wanajua: bastola ya USP ukiifunga sailensa, gemu linaipunguzia nguvu. Waliotengeneza gemu walitaka mizani ya mchezo, hawakuwa wanafundisha fizikia. Pili, zipo silaha zinazotumia risasi za mwendo mdogo kwa makusudi ili ziwe kimya. MP5SD ya Mjerumani ina matundu kwenye mtutu yanayovujisha gesi, risasi itoke chini ya kasi ya sauti. Kasi hapo imepunguzwa na matundu ya mtutuni, kibuyu kinasingiziwa.

Nije kwenye hoja yangu kubwa. Risasi inayozidi kasi ya sauti inapasua hewa njiani, na mpasuko huo hakuna kibuyu kinachouzuia. Bila sailensa unasikia "pa!" ya risasi, halafu "du!" ya bunduki, na ile "du" ndiyo inakuonyesha mpigaji alipo. Ikifungwa sailensa, "du" inafifia, inabaki "pa" inayoonekana kutoka pale risasi ilipokupitia. Utageuka upande usio wake. Huku kwetu yowe likipigwa watu wanatoka kusaidia, na ni desturi nzuri, lakini kijana anayekimbia kwa kufuata mlio anaweza kumkimbilia mpigaji mwenyewe. Askari wanaofukuza majangili Burigi, Ibanda au Rumanyika wana tatizo hilohilo.

Kwa hiyo wadau, ukisikia mlio mdogo mkali, lala chini kwanza, halafu piga simu polisi. Usijifiche nyuma ya mgomba, wala usitegemee ukuta wa miti na udongo. Na anayekwambia bunduki yenye sailensa haina nguvu, mwambie risasi haijui kama mlio wake umesikika.

Kama kuna mdau aliyepitia jeshini na ana la kuongeza au kunipinga, uwanja ni wako hapo chini. Nawasilisha.