Kifua Kikibana, Tusingoje Kuche

Ndugu zangu wa Geita, Kahama na Shinyanga, tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limeondoa foleni ya feri. Mgonjwa anayetoka Geita kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, hasubiri tena kivuko. Kuchelewa kulikobaki ni kwa nyumbani na machimboni, na huko waamuzi ni sisi.

Ukimkuta baba ameshika kifua usiku, kijasho chembamba kinamtoka, utasema ana nini? Wengi wetu husema ni gesi, au vidonda vya tumbo. Tunamtafutia maziwa, tunamwambia alale, asubuhi tutaona. Ni huruma hiyo, na kosa lenyewe linaeleweka, maana moyo uliokosa damu huweza kuuma kama kiungulia. Lakini mshipa wa moyo ukiziba, msuli wa moyo unaendelea kufa wakati sisi tunangoja.

Basi tuzijue dalili za mshtuko wa moyo. Kifua kubana au kuwa kizito kwa dakika kadhaa. Maumivu kwenda begani, mkononi, mgongoni, shingoni au kwenye taya. Pumzi kukatika, jasho la baridi, kichefuchefu, kizunguzungu.

Na je, kama kifua hakiumi? Hapa ndipo tunapowapoteza akina mama, wazee na wenye kisukari. Mama anaweza kusema tu kwamba amechoka ghafla na anahema bila sababu. Tafadhali, tumsikilize.

Ukiziona dalili hizi, mkalishe mgonjwa, mlegezee nguo, asitembee. Tafuta gari haraka. Asijiendeshe mwenyewe kwa pikipiki. Akizimia na hapumui, mlaze chali, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa kasi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana hadi msaada ufike.

Nanyi wachimbaji, mwenzenu akilalamika kifua akiwa ndani ya duara, yaani shimo la mgodi, msiseme ni joto tu au ni uchovu wa zamu. Mvuteni juu, asipande kwa nguvu zake. Mwenye duara, unajua gari litatoka wapi usiku?

Presha, inayochangia mshtuko wa moyo, haina kelele, na mtu huweza kuishi nayo miaka bila kuhisi kitu. Zahanati wanapima. Mzazi wako alipima lini mara ya mwisho? Leo jioni muulize, kisha mkubaliane nani atalipia usafiri wa dharura, na namba ya dereva anayepokea simu saa nane za usiku iandikwe ukutani, mahali ambapo hata mtoto anaisoma.