Haki ya Jirani na Afya ya Mama

Mwezi huu twataka kulitaja jambo ambalo wanaume wengi hulipita kama hawalioni: taabu za mtaa wa mji, na jinsi zinavyoingia katika mwili wa mwanamke.

Baba hutoka asubuhi akarudi jioni. Mama hubaki. Chumba ni kimoja, ua ni wa wapangaji wengi, maji ni ya kugombaniwa, na usiku ngoma ya jirani haikomi. Usingizi ukikatwa kila siku na moyo ukikaa katika hofu, mwili humwaga vichocheo vya kujihami, mapigo ya moyo huenda mbio na shinikizo la damu hupanda. Likidumu katika 140 kwa 90 au zaidi, madaktari huliita maradhi. Na kwa mja mzito laweza kuleta kifafa cha mimba.

Huko Marekani, katika miji mitano, Chicago na Boston zikiwamo, serikali ilianza mwaka 1994 kuwapa baadhi ya jamaa maskini, kwa kura, hati za kulipia kodi katika mitaa yenye nafuu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa, baada ya miaka 10 hadi 15, kisukari na unene wa kupindukia vilikuwa vichache kwa wanawake waliopewa hati hizo kuliko kwa wenzao waliokosa.

Lakini wengi wetu hatuna pa kuhamia. Basi na tuhame tabia. Mwenyezi Mungu, katika Suratun Nisaa aya ya 36, ametuamrisha wema kwa jirani wa karibu na wa mbali.

Nasi twakiri kosa letu. Mama mmoja mja mzito alituma mtoto kutuomba tupunguze kipaza sauti cha chuoni usiku wa maulidi. Tukamjibu kwa ukali, tukidhani aichukia dini. Baadaye tukasikia amelazwa kwa shinikizo la damu. Sababu yake Mungu ndiye aijuaye. Lakini usingizi ulikuwa haki yake, nasi tulimnyima. Tulikwenda kumtaka radhi, na tangu hapo twakizima saa tatu ya usiku.

Vijana, teremsheni sauti za redio, mchoteeni maji jirani aliye mja mzito. Nanyi waume, shikeni watoto mama alale, tena mpelekeni akapimwe.

Wabillahi tawfiq.